Mashine Isiyoguswa

Dada yangu mkubwa anauza bukari, yaani ugali, na samaki katika soko la Panda, mtaa wetu hapa Likasi, na wateja wake hawakubali kula kwa mtu mwingine. Nasema hili mwanzoni kwa sababu yote nitakayosimulia, hata yale ya kompyuta, mwisho wake ni pale mezani pake. Siku watu watakapojua anachomeza kila asubuhi kabla ya kuwasha makaa, ile meza haitapata mteja hata mmoja. Si kwamba ugonjwa wake unapita kwenye samaki. Daktari ameeleza, redio imeeleza, wauguzi wamepita mitaani wakaeleza. Watu wanaitikia vizuri kabisa, halafu wanakwenda kula kwingine.

Mume wake alikuwa mvunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe. Alipokufa kwa kukohoa, mtaa mzima ulisema ni vumbi la chokaa, naye dada akawaacha waseme. Baadaye yeye mwenyewe alipoanza kukonda, mimi ndiye niliyempeleka kupimwa na mimi ndiye niliyekaa naye alipopewa jibu la virusi. Mwanzoni alichukua dawa katika kituo cha karibu na nyumbani. Siku moja akakutana na jirani yetu kwenye korido ya kituo kile, akarudi na mfuko mtupu, na hakukanyaga tena. Hakuniambia neno. Niligundua alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani, tukambeba kama mtoto, na alipona kwa shida sana.

Tangu hapo anakubali kliniki moja tu, iliyo upande wa pili wa mji, na kwa sharti kwamba niende naye, nitangulie kuingia, nikae kwenye benchi kana kwamba mgonjwa ni mimi. Kwa mwili wangu huu mwembamba, watu wanaamini bila taabu. Hata huko muuguzi akimwomba namba ya simu na mahali anapokaa, ili wampigie asipofika, dada anakataa. Kwenye faili lake kuna jina tu, na jina lenyewe ni la kawaida, hapa Likasi wanalo wanawake wengi. Hajui kwamba hilo ndilo lililoniwezesha kulala usingizi kwa muda wote huu.

Faili hilo halimo kwenye karatasi. Limo kwenye mashine, na mashine hiyo naijua kwa sababu nilikuwa mmoja wa walioitengeneza.

Nilizaliwa katika kambi za wafanyakazi za Panda, wakati kampuni ya shaba ilikuwa imeanza kufa na baba zetu walikuwa wanakwenda kazini kwa mazoea tu. Nilisoma shule ya ufundi, nikatengeneza simu za watu, nikajifunza kuandika programu kwenye kompyuta ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka upande wa kushoto, kwa hiyo hadi leo naacha nafasi kubwa upande huo. Kazi yangu ni ile ya nyuma. Mtu akibonyeza kitufe kwenye simu yake, kuna mahali kule nyuma ambapo jibu linatafutwa na kuamuliwa kama ana haki ya kulipata, na huko ndiko niliko. Hakuna anayekuona ukiwa nyuma. Mama yetu anawaambia watu kanisani kwamba natengeneza redio, nami nimeacha kubishana naye.

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa katika kampuni ndogo kule Lubumbashi. Tuliuza mfumo wa kuhifadhi mafaili ya wagonjwa, na kliniki hii ilikuwa kati ya walionunua. Tuliweka mashine yao kwenye kabati la chuma ofisini kwa gestionnaire, yaani msimamizi wa kliniki, tukaiunganisha na intaneti ili daktari mpasuaji aliyeko Lubumbashi aweze kusoma majibu ya vipimo akiwa kule kule. Baada ya muda mwenye kampuni alihamia nje ya nchi, kampuni ikafa, na wateja wakabaki na mashine zao kama mtoto aliyeachwa kwa bibi.

Kabla haijafa, mwenzangu mmoja alitumwa Likasi kuisasisha ile mashine. Akiwa katikati ya kazi umeme ukakatika. Bwawa la umeme la Koni liko hapa jirani, nyaya zake zinapita juu ya vichwa vyetu, na umeme unakatika vilevile. Betri aliyokuja nayo ikazima baada ya dakika chache. Mashine ilipowaka tena, mafaili ya wodi ya wazazi yalikuwa hayasomeki. Mwanamke mmoja aliletwa siku hiyo na uchungu, hakuna aliyejua kwamba aliwahi kupasuliwa, na alitoka damu mpaka wakadhani amekwenda. Aliokoka. Gestionnaire alishinda siku nzima amekaa sakafuni mbele ya mlango wa wodi. Mafaili yaliporudishwa, alibandika karatasi kwenye kabati, NE PAS TOUCHER, yaani isiguswe, akafunga, na ufunguo akautia kwenye mnyororo wa shingoni pamoja na medali yake ya Bikira Maria.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa. Umeme ukikatika inazima, ukirudi inawaka yenyewe. Na lazima nikiri, inafanya kazi.

Mimi nilirudi Panda. Siku hizi nafanyia kazi watu wa mbali, na ninao umeme wa jua juu ya paa. Jumamosi nazitoa kwa programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake yako wazi, yeyote anaweza kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha bila kulipa. Wengine wanaongeza mapambo. Mimi nasoma nikitafuta mahali palipooza, kwa sababu nina tabia mbaya ya kutomwamini mtu anayesema mlango umefungwa mpaka niusukume mwenyewe. Nimekuta matobo madogo madogo kadhaa kwa miaka, nikayaziba, na watu nisiowajua waliandika asante.

Halafu nikakuta tobo kubwa. Lilikuwa kwenye kipande cha programu ambacho kazi yake ni moja tu, kumuuliza anayebisha hodi kwamba yeye ni nani. Niligundua kwamba ukimpa mlinzi huyu kitambulisho kilichoharibika kwa namna fulani, anachanganyikiwa, na badala ya kukufukuza anakufungulia. Ilikuwa saa za mchana, mvua inapiga mabati, nikaruka kutoka kitini nikacheza peke yangu chumbani. Kitu kama hicho mtu wa kazi yetu anaweza kukikuta mara moja maishani. Nikaketi tena kuandika ripoti, na nilipokuwa naorodhesha kichwani mifumo inayotumia kipande hicho, nikaikumbuka kliniki. Sisi wenyewe ndio tuliokiweka mle, kwa sababu kilikuwa kizuri na cha bure. Furaha yote ikanitoka, nikabaki nasikiliza mvua.

Katika kazi hii kuna desturi. Anayekuta tobo hapigi kelele. Anawaandikia wenye programu kwa siri, wao wanaliziba, na wote wanakaa kimya mpaka siku waliyopatana. Siku hiyo wanatangaza kila kitu kwa pamoja: dawa ya tobo, tobo lenyewe lilikuwa wapi, na jina la aliyeligundua. Inabidi iwe hivyo, kwa sababu wenye mifumo wakisoma wanasasisha mashine zao siku ileile. Lakini wezi nao wanajua kusoma. Kuanzia siku hiyo, mashine ambayo haijasasishwa ina tobo ambalo dunia nzima imeelekezwa lilipo. Ni desturi nzuri, iliyotungwa na watu ambao mashine zao huguswa.

Niliwaandikia. Walijibu kwa heshima, wakaliziba upesi, wakanipa tarehe ya tangazo. Nikaomba waisogeze mbele. Wakauliza kwa nini. Nikasema kuna mashine moja ninayoifahamu ambayo haitaweza kusasishwa kufikia siku hiyo. Wakanijibu, bila ubaya wowote, kwamba mashine ya namna hiyo haitakosekana kamwe, kwamba kuna dalili wengine wameanza kunusa, na kwamba kila siku ya kungoja inaziweka hospitali nyingine nyingi hatarini. Nilitafuta kosa kwenye jibu lile kama ninavyotafuta kwenye programu. Sikuliona, na hilo liliniudhi kuliko kama wangenitukana.

Basi nikaenda kwa gestionnaire. Ni mzee mpole, ananipenda, kila mara ananiagizia kiti kabla sijasema neno.

“Papa gestionnaire,” nikamwambia, “ile mashini iko na shida. Unipatie kifungulo saa moja tu, nitaitengeneza.”

“Shida gani? Inatumika muzuri.”

“Siwezi kukuelezea yote sasa. Ni mambo ya sécurité.”

“Ingénieur, minye siko muntu ya mashini. Lakini ile siku minye njo nilikaa chini ku mulango ya maternité. Weye haukukuwa.”

“Nitaleta batterie yangu ya nyumba. Courant ikienda, batterie itabeba.”

“Mwenzako naye alikuwa na batterie.”

Nikamwambia basi tuikate kwenye intaneti, tuchomoe tu kamba yake.

“Na docteur wa Lubumbashi atasoma résultats wapi?” akaniuliza. “Bamama ba opération banamungojaka yeye.”

Hakuwa mbishi. Kila alilosema lilikuwa kweli, na kila aliposema kweli nilizidi kukosa pa kushika. Nilimuaga, akanisindikiza hadi getini kwa mkono begani.

Tangazo likatoka. Jina langu lilikuwa pale, limeandikwa sawasawa, pamoja na jina la nchi yangu, jambo ambalo msomaji mmoja aliona linastahili pongezi zake lenyewe. Sasa nilikuwa huru kusema, kwa hiyo nilirudi kwa gestionnaire asubuhi ileile. Nikamwomba afungue faili la mgonjwa wa uongo, aandike jina lolote. Alicheka, akaandika jina la mbuzi wake. Nikatoa simu yangu mfukoni, nikapita kwenye tobo bila neno la siri, nikamwonyesha faili la mbuzi kwenye kioo.

Alichukua simu, akalisoma. Kisha akanirudishia simu.

“Lakini weye njo ulijenga,” akasema. “Muntu alijenga nyumba, atakosa je njia ya kuingia?”

“Papa, si minye tu. Kila muntu anaweza sasa. Balishaandika namna ya kuingia.”

“Nani? Hapa Likasi, nani?”

“Hata muntu wa mbali.”

“Uyo muntu wa mbali, atafanya nini na magonjwa ya bamama ba Likasi?”

Majibu nilikuwa nayo. Kuna wanaoiba mafaili wakatishia watu, kuna wanaoyamwaga hadharani kwa mchezo tu, na yakishamwagwa hadharani hayachelewi kufika sokoni kwenye simu za watu. Nilimweleza yote. Alisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtu anayekusimulia ndoto yake. Nadhani angegeuka kama ningemtajia mtu mmoja, mtu anayemjua kwa sura, ambaye angekufa kwa jambo hili. Mtu huyo nilikuwa naye, na ndiye peke yake ambaye sikuweza kumtaja. Gestionnaire akaahidi kuwaandikia wakubwa wake. Najua aliandika kweli, maana kila nikifika ananiambia bado hawajajibu.

Kulikuwa na njia nyingine, na siku kadhaa nilikaa nayo chumbani kama mgeni asiyeaga. Ningeweza kupita kwenye tobo lilelile na kuliziba kutoka ndani, bila ruhusa, nikiwa nyumbani kwangu. Ni kazi ya muda mfupi. Niliandaa kila kitu, nikaweka vidole kwenye vibonye, na umeme wa mtaa ukakatika. Kompyuta yangu haikuzima kwa sababu ya jua, lakini nilijua upande wa pili wa mji ile mashine imezima. Kama ningekuwa nimeanza, ingekuwa imezima katikati, na kesho yake mwanamke mwingine angeletwa na uchungu bila mtu kujua historia yake. Nilifunga kompyuta. Siku hizi ninaweza kuingia kwenye mashine ile wakati wowote, kama mwizi yeyote, na tofauti yangu na mwizi ni kwamba mimi sina cha kufanya nikishaingia.

Dada alisikia habari za tangazo kutoka kwa mama, na mama alizisikia kwangu vibaya, maana kanisani ilitangazwa kwamba nimetengeneza redio ya Ulaya. Dada alifunga meza yake mchana, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye ubatizo wa mtoto wake. Akachinja kuku, akasonga bukari, akapika sombe ya majani ya muhogo, akaita majirani. Yule jirani wa kwenye korido naye alikuja, akakaa karibu na sufuria, akaongezewa kila alipomaliza, akasema hakuna mkono unaopika kama wa huyu mama. Nilikuwa natazama vidole vyake vikichovya.

“Ulifanya nini kabisa?” dada akaniuliza mbele ya watu. “Utuelezee polepole, tusikie.”

“Nilikuta mulango ilikuwa wazi, yaya,” nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. “Nikaambia benyewe.”

“Na baliifunga?”

“Baliifunga.”

“Kila mahali?”

Watu wote walikuwa wamenigeukia, vijiko mkononi. Nikasema kwamba kazi ya kufunga ni ya kila mwenye nyumba. Wakatikisa vichwa kwamba ni maneno mazito, na dada akaniwekea firigisi, ambayo kwetu hapewi mtu hivi hivi.

Nilitaka kumwambia. Nilijaribu, siku ya kwenda kuchukua dawa, tulipokuwa tunatembea kutoka barabara kuu kuelekea kliniki.

“Yaya,” nikasema, “kama siku moja bantu banajua...”

Akasimama hapohapo njiani.

“Nani anajua?”

“Hakuna. Ni mufano tu.”

“Bakijua, minye sirudi tena kule. Nitalala mu nyumba yangu, Mungu atanikamata vile anapenda.” Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza bei ya samaki. “Sasa juu ya nini unauliza?”

Nikamwambia ni mawazo tu ya kazi, nimechoka. Akacheka, akasema watu wa kompyuta wanachoka wakiwa wamekaa, akanishika mkono tukaendelea.

Klinikini nilitangulia kuingia kama kawaida na kukaa kwenye benchi. Kwa kawaida dada huvuta kitambaa chake mpaka kwenye nyusi na kusema na muuguzi kwa sauti ya chini. Siku hiyo hakukivuta. Aliketi mbele ya meza, muuguzi akaandika jina lake, na kutoka nilipokaa nikaliona faili likifunguka kwenye kioo: jina, jina la dawa, tarehe alizokuja, na chini yake nafasi tupu za simu na makazi. Muuguzi hakuuliza hata kidogo, alishamzoea.

“Muandike namba yangu,” dada akamwambia. “Na avenue. Na muandike vile nauzishaka bukari ku soko ya Panda, siku moja nikikosa mutanikuta pale.”

Nikainuka kwenye benchi. “Yaya, si lazima.”

“Juu ya nini si lazima? Balikuwa banangojaka miaka yote.” Akamgeukia muuguzi, na uso wake ulikuwa wa msichana. “Uyu mudogo yangu njo anafungaka milango ya hizi mashini. Hata Ulaya banamujua. Minye siogopi tena.”

Muuguzi akanitazama kwa heshima mpya, akavuta kibodi karibu. Akaandika mtaa. Akaandika soko. Akauliza namba ya simu, na dada akaanza kuitaja, akakwama, maana hajawahi kuijua kwa kichwa, watu wote aliozoea kuwapigia ni mimi niliyewaweka kwenye simu yake. Akaitoa kwenye mkoba, akaniletea pale nilipokuwa nimesimama.

“Musomee,” akasema.

Nikamsomea, polepole, na muuguzi akaniomba nirudie za mwisho ili asikosee.